Jiko Halishikwi: Kisa cha Jiko la Mkaa

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio)

  Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kwamba kila mtu ana karatasi yake mbele yake. Anayesoma polepole asione haya. Nami nitasoma polepole, tufuatane neno kwa neno.

Tukitaja historia, watu wengi hufikiri habari za wafalme, za vita na za meli kubwa. Leo tutasoma historia ya kitu kilichoko nyumbani kwako, pengine kimewaka sasa hivi unaponisikiliza. Kitu hicho ni jiko la mkaa. Sisi Waswahili tumelipa jiko heshima kubwa: mtu akioa, twasema amepata jiko. Lakini jiko lenyewe, lile la bati, limewatesa wapishi kwa miaka mingi.

Ninyi hamnioni, lakini mkono wangu wa kushoto una kovu. Nililipata nilipokuwa mtoto wa miaka saba, Mchikichini, Dar es Salaam. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, na wapangaji wote walipika uani, kila mmoja na jiko lake. Siku hiyo mama alikuwa akisonga ugali. Jiko lilikuwa jipya, limenunuliwa juma lile lile. Mama aliposukuma mwiko, jiko likayumba. Nami nikanyosha mkono nilizuie lisianguke, nikashika bati. Sufuria ilianguka, ugali ukaingia mchangani, nami nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Jirani yetu mmoja, bibi mzee, akanishika akaniambia, "Pole, mwanangu. Jiko halishikwi."

Maneno yale nimeyafikiri sana. Jiko hutumiwa kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Lazima lihamishwe, liinuliwe, ligeuzwe upande wa upepo. Basi kwa nini halishikiki? Nani alilitengeneza hivyo, na kwa nini watu walilivumilia? Hilo ndilo swali la somo letu.

KWA NINI MKAA ULISHIKA MJI

Kwanza tuangalie mahali penyewe. Mchikichini ni mtaa wa Ilala, jirani na Kariakoo na Bonde la Msimbazi. Jina lake latokana na mchikichi, mti uzaao chikichi, ambazo watu huzikamua mawese. Jina la Kariakoo lina asili nyingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Wapagazi hao walikaa pale, na midomo ya watu ikaligeuza jina la kikosi likawa Kariakoo.

Watu walizidi kuja mjini kutafuta kazi. Katika hesabu ya watu ya 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 272,000. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 5,383,728. Watu wote hao lazima wale.

Huko shamba mpishi alitumia kuni na mafiga matatu. Mafiga yana ubaya wake: moshi huumiza macho na kifua, na kuni nyingi huteketea bure. Lakini yana sifa moja ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba hayayumbi. Unaweka sufuria kubwa au ndogo, unasonga ugali kwa nguvu zako zote, nayo mafiga yametulia palepale. Isitoshe, mafiga hayanunuliwi.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Mpangaji wa chumba kimoja hana mahali pa kuweka mzigo wa kuni, na moshi wake utaingia chumbani kwa jirani. Mkaa ni mwepesi, hauozi, na moshi wake ni mchache. Tena mkaa hupimwa kidogo kidogo: mwenye fedha hununua gunia, wa kati hununua debe, na asiye na fedha hununua kopo moja la kupikia chakula cha jioni. Ajabu ni kwamba huyu wa kopo, aliye maskini kuliko wote, ndiye hulipa bei kubwa kuliko wote, ukihesabu makopo yaliyomo ndani ya gunia moja.

JIKO LA BATI LILITOKA WAPI?

Mkaa hauwaki vizuri juu ya mafiga. Unataka chombo cha kuushika na kuupa hewa kutoka chini. Katika nchi ya Kenya husimuliwa kwamba jiko la bati lililetwa na mafundi na vibarua wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza 1896 na kufika ziwani 1901. Neno lenyewe ni shahidi. Huko Kenya wengi huliita jiko hilo sigiri, na huko India jiko la namna hiyo huitwa sigri. Maneno ni kama alama zilizoandikwa juu ya mizigo: hutuambia mzigo ulitoka bandari gani. Na Mombasa na Unguja lipo neno jingine, seredani.

Hapa Dar es Salaam kazi ya kutengeneza majiko ilishikwa na mafundi bati wa Gerezani na Kariakoo. Ukipita huko utasikia nyundo kabla hujamwona fundi. Fundi huchukua pipa la mafuta lililokwisha kazi au bati kuukuu, akalikata kwa tindo na mkasi, akalikunja, akaligonga. Hana mashine wala umeme. Kitu kilichokuwa takataka hugeuka kuwa chombo cha nyumbani, na bei yake mtu wa kawaida aiweza. Tusimdharau fundi huyu. Bila yeye mji usingepika.

Lakini tuseme na makosa ya jiko lake. Kila mpishi anayajua.

Kosa la kwanza: ubavu wake ni bati tupu. Moto ukiwaka ndani, bati nalo huwa moto kama makaa yenyewe. Mtu akiligusa huungua, na watoto ndio huungua zaidi, kwa sababu jiko liko chini, usawa wa mikono yao.

Kosa la pili: vile vipande vitatu vya chuma vya kuegemeza sufuria. Sufuria ndogo huzama kati yao, kubwa huinama upande mmoja. Vikipata moto miezi michache hupinda, kila kimoja upande wake.

Kosa la tatu: ile sahani yenye matundu inayoshika mkaa. Huliwa na moto ikatoboka, na makaa mazima huanguka chini pamoja na majivu.

Kosa la nne: kile kimlango cha hewa. Kazi yake ni kuongeza na kupunguza moto. Baada ya kupata kutu hakifungi wala hakifunguki, basi wali unaotaka moto mdogo huungua chini na juu haujaiva.

Kosa la tano ndilo lililonipa kovu. Miguu ni myembamba na kitako ni chembamba, nalo jiko huyumba. Sufuria zetu hazina mikono. Mpishi huzishika kwa tambara au kipande cha boksi, na mara nyingi hulibana jiko kwa mguu huku akisonga.

Sasa tufanye hesabu. Waliopima majiko ya bati wamesema kwamba katika kila sehemu 100 za joto la mkaa, sehemu 10 mpaka 20 tu ndizo huingia katika sufuria. Zilizobaki huenda hewani. Basi ukinunua mkaa wa shilingi 1,000, wa shilingi 800 au zaidi haukupiki chakula. Umepasha joto ua na kumwunguza mpishi.

Kwa nini basi jiko hili lilidumu? Sababu ni hii. Fundi hutazama bei, kwa kuwa mnunuzi huuliza bei kwanza. Mara nyingi mnunuzi ni baba mwenye fedha mkononi, naye hapiki. Fundi pia hapiki. Apikaye ni mama, naye hakuulizwa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

WATAALAMU NAO WALIKOSEA

Pengine msikilizaji mmoja asema, "Hayo ni kwa sababu mafundi wetu hawakusoma." La, ndugu yangu. Waliosoma nao walikosea.

Katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati, kulitokea tetemeko kubwa la ardhi mwaka 1976. Baada yake wataalamu walibuni jiko kubwa la udongo na mchanga lililoitwa Lorena. Lilikuwa zuri kwa macho, lenye bomba la kutoa moshi, na sifa zake zikaenea nchi nyingi, Afrika pamoja. Lakini lilipopimwa vizuri baadaye, ilionekana kwamba mara nyingi lilikula kuni sawa na mafiga, au kuzidi. Ule udongo mzito ulikuwa ukiunywa moto kabla sufuria haijaupata.

Tena, wataalamu wengi walipima majiko yao kwa kuchemsha maji. Walipima maji, wakapima kuni, wakatazama saa. Kipimo hicho si kibaya, maana maji ni yaleyale kila mahali. Lakini maji hayasongwi. Jiko linaweza kushinda mtihani wa kuchemsha maji, kisha likashindwa na ugali siku ya kwanza. Wala maji hayaungui chini kama wali wa nazi, wala hayataki moto wa saa tatu kama maharage.

Huko India pia, katika jimbo la Orissa, ambalo sasa huitwa Odisha, wachunguzi walifuata nyumba zilizopewa majiko mapya ya kupunguza moshi. Matokeo yalitolewa 2012. Waliona kwamba baada ya muda watu wengi hawakuyatumia sawasawa wala kuyatengeneza yalipoharibika, na faida yake ikapotea. Jiko halina faida kwa kuwa zuri karatasini. Faida yake ni kupikiwa.

NAIROBI: MALALAMIKO YANAPOSIKIWA

Sasa twende Nairobi. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa huko juu ya nguvu za namna mpya: za jua, za upepo, za kuni na kadhalika. Katika miaka hiyo watu wa Kenya walijifunza habari za jiko la Thailand lenye umbo la ndoo: ndani ni udongo uliochomwa, nje ni bati. Udongo huzuia joto lisipotee, na bati huulinda udongo usivunjike.

Wakaanza kutengeneza lao. Maxwell Kinyanjui ni mmoja wa waliolibuni. Lakini majiko ya mwanzo hayakufaulu. Udongo ulijaa kutoka juu mpaka chini, na ulipopata moto ulitanuka, ukabanwa na bati, ukapasuka. Wapishi wakalalamika, na vikundi vya akina mama vikasema wazi yaliyowaudhi.

Hapa ndipo kisa kilipogeuka. Safari hii malalamiko hayakuishia uani. Yalirudi mpaka kwa mafundi, nao wakabadili umbo. Jiko likafanywa pana juu, jembamba kiunoni, na pana tena chini, kama kengele mbili zilizogusana vichwa. Udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, mahali penye moto, ukashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na madini yasiyopitisha joto upesi. Kitako kipana kikaondoa kuyumba. Umbo moja likajibu malalamiko mawili.

Jambo la pili la busara ni hili: hawakujenga kiwanda kikubwa. Kazi ilipelekwa kwa wafinyanzi na kwa mafundi bati walewale waliokuwa wakitengeneza majiko ya zamani, kama wale wa Shauri Moyo, Nairobi. Fundi hakunyang'anywa kazi. Alifundishwa kazi bora. Katika jiko hili sehemu 25 mpaka 40 za joto katika kila 100 huingia katika sufuria. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko ya namna hii zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya.

JIKO BORA DAR ES SALAAM

Habari zikavuka mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali ya Tanzania nayo ilieneza jiko la namna hiyo Dar es Salaam, likaitwa Jiko Bora, na tangu 1990 shirika la TaTEDO limefundisha mafundi na wafinyanzi. Leo ukienda Kariakoo utayaona yamepangwa safu, madogo kwa makubwa.

Je, taabu imekwisha? Bado. Penye biashara njema, mwigo haukosi. Yapo majiko ambayo udongo wake haukuchomwa ukaiva. Kwa macho ni mazuri, kwa moto hayamalizi mwezi. Mnunuzi aliyedanganywa mara moja hurudi kwenye jiko la bati na kusema, "Afadhali lile nililolizoea."

Na mkaa wenyewe uliongezeka badala ya kupungua. Taarifa ya Benki ya Dunia ya 2009 ilisema kwamba kati ya 2001 na 2007 nyumba zilizotumia mkaa Dar es Salaam zilipanda kutoka 47 katika kila 100 mpaka 71 katika kila 100. Mkaa huo ni miti iliyokatwa mbali, katika misitu ya Pwani, Morogoro na kwingineko. Jiko baya la uani Mchikichini hukata mti ambao mpishi hatauona kamwe.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa mpango wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, wa kuwafikisha Watanzania 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia, kama gesi na umeme. Ni jambo jema. Moshi na hewa ya mkaa huua. Usilale kamwe na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Lakini tutazame kwa macho ya mpishi. Wengi huanza na mtungi mdogo wa kilo 6, na jiko limefungwa juu ya mtungi wenyewe. Sasa sufuria imekaa juu zaidi kuliko zamani, na chini yake ni gesi. Weka ugali wa watu wanane hapo, kisha usonge. Utajikuta unaubana mtungi kwa magoti, kama mama alivyolibana jiko la bati kwa mguu. Hadithi imebadili nguo tu.

TUFANYE NINI?

Ukienda kununua jiko la mkaa, usiulize bei kwanza. Fanya mambo manne. Kwanza, gonga udongo kwa kidole: ulioiva hulia vizuri, na wenye ufa hutoa sauti nzito. Pili, tikisa jiko usikie kama udongo unacheza. Tatu, nenda na sufuria yako mwenyewe uiweke juu. Nne, lisukume kwa mkono kama unavyosonga ugali. Likiyumba dukani, litayumba nyumbani.

Na ukiona kosa, mwambie fundi. Sisi wa Mchikichini tuna bahati ambayo wataalamu wa mbali hawakuwa nayo: kutoka uani kwako mpaka kwa fundi wa Gerezani ni safari ya miguu. Mama yangu aliununua ubaya ule, akauvumilia miaka mingi, wala hakurudi hata siku moja kumwambia fundi. Alidhani kosa ni lake yeye, kwamba hajui kusonga kwa adabu. Hakuna aliyemwambia kwamba jiko ndilo lililokosea.

Basi, ndugu wanafunzi, msiseme tena jiko halishikwi. Ulizeni kwa nini halishikiki.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini watu wa mjini waliacha kuni wakashika mkaa? Taja sababu mbili.

2. Mafiga yana sifa gani ambayo jiko la bati halina?

3. Majiko ya mwanzo ya Nairobi yalipasuka kwa nini? Yalitengenezwa upya namna gani?

4. Hesabu: mpishi anatumia mkaa wa shilingi 2,000 kwa siku. Ikiwa sehemu 20 katika kila 100 za joto huingia katika sufuria, ni mkaa wa shilingi ngapi hupotea?

5. Zungumzeni: nani nyumbani kwenu huchagua vyombo vya jikoni, na nani huvitumia?

6. Kuandika: andika sentensi tatu kwa fundi bati umweleze kosa la jiko lako. Sema wazi, kwa heshima. Kisha umpelekee.

Kwaherini mpaka somo lijalo.